Uvimbe wa kuzaliwa nao kinywani mwa mtoto: namna ya kuutambua kabla ya sindano na kisu

Mwongozo huu nimewaandikia kwanza wenzangu wa zahanati na vituo vya afya vya Kilimanjaro: tabibu wa Rombo au Same anayeletewa mtoto siku ya kliniki, muuguzi wa wodi ya wazazi anayemfungua mdomo mtoto aliyezaliwa usiku, tabibu wa meno aliye peke yake wilayani. Mzazi naye ataweza kuufuata, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi hii inataka macho, kidole safi, tochi na subira.

Vifuko vya kuzaliwa navyo kinywani, yaani uvimbe ulio kama mfuko uliojaa majimaji au ute, ni nadra, ukiviondoa vile vipele vyeupe vya watoto wachanga nitakavyovieleza mbele. Kwa kuwa ni nadra, watu huvipa majina ya vitu wanavyovijua: jipu, tezi, kimeo, meno ya plastiki. Jina likikosewa, tiba nayo hukosewa, na anayelipa ni mtoto. Ninachokisisitiza ni mpangilio wa kazi. Umri wa mtoto na mahali uvimbe ulipo vitakufikisha karibu sana na jibu. Picha itakuonyesha uvimbe umeingia wapi. Hadubini ndiyo itakayolithibitisha jina. Sindano na kisu vingoje zamu yao.

Vifuko hivi hutoka wapi

Uso wa mtoto hujengeka tumboni kati ya wiki ya 4 na ya 8 ya mimba, na kaakaa hufungana kati ya wiki ya 8 na ya 12. Pande mbili zinapokutana, chembe za utando wa juu huweza kunaswa kwenye maungio. Tezi ya thairoidi huanzia kwenye shina la ulimi kisha hushuka hadi shingoni, na njia iliyopita kwa kawaida hufungika. Utando unaochipusha meno nao huacha mabaki kwenye fizi na ndani ya taya. Mabaki yoyote kati ya hayo yakianza kujaa majimaji, ute au keratini (protini ya ngozi na kucha), kifuko kimezaliwa. Ndiyo maana vifuko hivi hupenda mstari wa katikati, chini ya ulimi, shina la ulimi na kandokando ya meno ambayo bado hayajaota. Ukijua ramani hiyo, mahali tu uvimbe ulipo kutakuambia mengi.

Kabla ya yote, hewa na maziwa

Usianze na tochi. Mtazame mtoto akiwa mikononi mwa mama yake, hajaguswa. Je, kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi? Kuna sauti ya kukwaruza hewa inapoingia? Anakoroma na kukatika pumzi usingizini? Anaponyonya, huachia ziwa kila baada ya mafunda machache ili aheme? Midomo hubadilika rangi?

Kifuko cha shina la ulimi kinaweza kuwa kidogo kwa macho na bado kikaziba koo, hasa kwa mtoto wa wiki chache. Mtoto mwenye dalili hizo halazwi chali ili achunguzwe, hachokozwi kooni kwa kijiti, wala haambiwi arudi Jumatatu. Mwache katika mkao anaohema vizuri, mpe oksijeni kama ipo, piga simu hospitali ya rufaa ili wataalamu wa ganzi na wa koo wajiandae, na safari ianze akiwa na muuguzi. Kwa mkoa wetu mtoto wa namna hii ni wa KCMC, hospitali ya rufaa iliyoko Moshi, moja kwa moja, kwa sababu kumpitisha vituo viwili vitatu ni kupoteza saa ambazo hana.

Kama anahema vizuri, fungua kadi ya kliniki. Mstari wa uzito ukiwa umelala au unashuka, uvimbe huo umeshakuwa tatizo la lishe hata kama hauumi, na rufaa yake haitakiwi kusubiri.

Hatua ya kwanza: maswali

Swali la kwanza ni umri wa mtoto siku uvimbe ulipoonekana. Umri wake wa leo ni jambo jingine. Uvimbe uliokuwapo tangu kuzaliwa na ule ulioanza akiwa na miaka 7 ni habari mbili tofauti.

Kisha uliza mwendo wake. Vifuko hukua polepole, kwa miezi au miaka. Uvimbe wa taya uliokuwa haupo mwezi uliopita na leo umeshalegeza meno si kifuko hadi ithibitishwe vinginevyo. Uliza kama huongezeka anapokula, anapolia, au akipata mafua. Uliza kama umewahi kupasuka ukatoa maji mazito kisha ukajaa tena. Uliza kama ameshapewa antibayotiki, mara ngapi, na kama uvimbe ulirudi baada ya dozi kwisha, kwani kifuko kilichoingiwa na vijidudu hufanana kabisa na jipu na hutulia kwa dawa kwa muda tu. Kuna ndugu wa damu aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa taya? Swali hili husahaulika, na baadaye utaona linakohusika.

La mwisho ni tiba alizopata nyumbani. Liulize kwa sauti ileile uliyoulizia mengine. Mama akihisi anashtakiwa atasema hakuna, nawe utakuwa umepoteza habari unayoihitaji sana: kama mtoto amekatwa kimeo au kuchimbwa fizi, kovu lake litakupotosha utakapoangalia.

Hatua ya pili: namna ya kumshika mtoto

Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, kaa uso kwa uso na mama, magoti yenu yagusane. Mtoto amkalie mama akimtazama, miguu yake ikizunguka kiuno cha mama, kisha alazwe taratibu kichwa kikae kwenye mapaja yako. Mama anashika mikono, wewe unaona kinywa chote. Atalia, na kilio kitakufungulia mdomo. Mwambie mama hivyo mapema ili asiogope. Tochi ya kichwani ni bora kuliko ya simu, kwa sababu inakuachia mikono yote miwili.

Pita kwa mpangilio uleule kila siku: midomo, mashavu, fizi za juu, fizi za chini, kaakaa, juu ya ulimi, chini ya ulimi, koo, kisha shingo. Shingo ni sehemu ya uchunguzi wa kinywa. Ukiiruka, vifuko viwili au vitatu kati ya hivi vitakupita.

Vipele vyeupe vya mtoto mchanga, na meno ya plastiki

Hapa nitakaa kidogo, kwani hapa ndipo watoto wetu wanapoumizwa zaidi.

Watoto wengi sana huzaliwa na vipele vyeupe au vya manjano hafifu, vya milimita 1 hadi 3, vigumu kidogo. Vikiwa katikati ya kaakaa huitwa lulu za Epstein, kwa jina la Alois Epstein, daktari wa watoto wa Prague. Vikiwa ubavuni mwa fizi au mpakani mwa kaakaa gumu na laini, ni vinundu vya Bohn. Vikiwa juu kabisa ya ukingo wa fizi, ni vifuko vya utando wa meno. Ndani yake mna keratini. Haviumi, havizuii kunyonya, na huisha vyenyewe ndani ya wiki kadhaa, mara nyingi kabla ya miezi 3. Havikamuliwi, havipakwi asali wala chumvi, havisuguliwi kwa kitambaa. Ukitaka kuvitenganisha na fangasi za mdomo, pitisha shashi yenye maji safi: utando wa fangasi hutoka na kuacha pekundu, lakini vipele hivi havibanduki.

Miezi michache baadaye, kati ya mwezi wa 4 na wa 8 hivi, fizi za mtoto hutuna mahali pa chonge. Pale chini pana jino la utotoni linalojijenga, na uvimbe wake huonekana mweupe chini ya ngozi nyembamba ya ufizi. Umri huohuo ndio ambao watoto huanza kutambaa na kulishwa vyakula vingine, kwa hiyo kuhara na homa huwa vingi. Mambo haya mawili yakikutana, mtu humwambia mama kwamba mtoto ana meno ya plastiki na yasipotolewa atakufa. Vinavyochimbuliwa kwa kisu, msumari au spoki ya baiskeli ni vijino hai ambavyo bado havijawa vigumu. Kinachofuata huweza kuwa damu isiyokoma, upungufu wa damu, pepopunda, maambukizi ya damu, au virusi kutoka kwenye chuma kilichotumika kwa mtoto aliyetangulia. Akipona, bado huweza kukua bila chonge za utotoni, na chonge za ukubwani zikatoka zikiwa na kasoro au zisitoke kabisa.

Kuhara kuna tiba yake: maji ya ORS, kuendelea kunyonya, na zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 10 kwa siku kwa mtoto wa chini ya miezi 6 na miligramu 20 kwa aliyezidi hapo. Homa nayo ina chanzo chake, kipimwe.

Aliyeuona uvimbe kwanza mara nyingi ni bibi, na neno lake ndilo litakaloamua nyumbani. Zungumza naye yeye. "Shikamoo bibi. Umefanya vyema kumleta mjukuu wako. Naomba kidole chako tuguse pamoja hapa. Hili ni jino lake la chonge, liko njiani, litatoka akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Homa hii tutaitafuta inakotoka leo hii." Bibi aliyegusa kwa kidole chake mwenyewe atalitetea jino hilo kwa majirani kuliko bango lolote la ukutani.

Hatua ya tatu: soma mahali uvimbe ulipo

Chini ya ulimi, katikati kabisa. Hapa fikiria kifuko cha dermoidi na ndugu zake. Kuna aina tatu: chenye utando wa ngozi mtupu, chenye utando pamoja na vinyweleo na tezi za mafuta, na chenye tishu za namna nyingine kabisa ndani yake. Ukikibonyeza ni kizito na laini kama unga uliokandwa, hakiumi. Kikiwa juu ya misuli ya sakafu ya mdomo, kinauinua ulimi, na mtoto husema kama ana chakula mdomoni. Kikiwa chini ya misuli hiyo, kinajitokeza chini ya kidevu, na wazazi hudhani mtoto amenenepa. Angalia pande zote mbili, maana kimoja huweza kuwa na sehemu juu na sehemu chini.

Chini ya ulimi, pembeni. Uvimbe laini wenye rangi ya samawati, unaopasuka na kujaa tena, mara nyingi ni wa mate, yaani ranula. Kwa kawaida hutokana na mate kuvuja kutoka kwenye tezi iliyo chini ya ulimi, ingawa wapo watoto wanaozaliwa nao kwa sababu tundu la kutolea mate halikufunguka. Nimeuweka hapa kwa kuwa ndio unaochanganywa na dermoidi mara nyingi. Pembeni au katikati, samawati au rangi ya ngozi: maswali hayo mawili hutenganisha wagonjwa wengi.

Ndani ya ulimi wenyewe, kwa mtoto mchanga au wa miezi michache, hasa wa kiume. Kuna kifuko adimu kinachotokana na mabaki ya utumbo wa awali, chenye utando kama wa tumbo la chakula au wa utumbo. Wengi hawajawahi kukisikia, hivyo hukiita dermoidi au ranula hadi maabara iseme. Ultrasaundi nzuri huweza kuonyesha ukuta wenye tabaka, na hiyo ni dalili ya kuizingatia.

Shina la ulimi na mstari wa kati wa shingo. Mwambie mtoto atoe ulimi nje, kisha ameze mate. Uvimbe wa shingoni unaopanda pamoja na ulimi ni kifuko cha njia ya thairoidi hadi ithibitishwe vinginevyo. Ukiwa juu kwenye shina la ulimi, kuna uwezekano mwingine unaotakiwa kukutia breki: huenda ni tezi ya thairoidi yenyewe ambayo haikushuka, na mara nyingi mtoto wa namna hiyo hana thairoidi nyingine yoyote. Ikiondolewa, atategemea vidonge maisha yake yote, na vikikosekana ukuaji wa mwili na akili huathirika. Kwa hiyo hakuna kugusa uvimbe wa mstari huu kabla ya ultrasaundi kuonyesha thairoidi ikiwa mahali pake shingoni, na damu kupimwa homoni zake. Kikithibitika kuwa kifuko, upasuaji wake ni ule ulioelezwa na daktari mpasuaji Sistrunk mwaka 1920, ambao huondoa pia sehemu ya kati ya mfupa wa hyoidi, ule mfupa mdogo ulio chini ya shina la ulimi, kwani kutoa kifuko peke yake hukirudisha.

Vinundu vidogo vya manjano, chini ya sentimita 1, pembeni mwa ulimi au sakafuni mwa mdomo, huweza kuwa vifuko vya tishu za limfu. Kwa watoto ni nadra, na havina haraka.

Nyuma ya meno mawili ya mbele ya juu hukaa kifuko cha mfereji wa pua na kaakaa. Ni cha watu wazima zaidi. Mtoto mkubwa huweza kulalamika ladha ya chumvi. Kwenye eksirei huonekana mviringo au umbo la moyo kati ya mizizi, na tundu la kawaida la mfereji huo huweza kufika milimita 6, kwa hiyo usimtangazie mzazi ugonjwa kwa tundu la milimita 5. Chini ya bawa la pua, kifuko kinachoinua pua na kufuta mkunjo wa shavu huwa kwenye nyama, na eksirei ya meno huweza isionyeshe chochote.

Juu ya jino linaloota, samawati au zambarau, ni kifuko cha kuota jino. Huonekana hasa kwenye magego ya kwanza na meno ya mbele. Mwache. Jino litakipasua lenyewe. Kama baada ya wiki kadhaa halijatoka na mtoto anashindwa kula, tabibu wa meno atakifungua kidogo.

Hatua ya nne: mikono na mwanga

Bonyeza taratibu. Uvimbe unaopauka ukibonyezwa kisha rangi ikarudi ni wa mishipa ya damu. Uvimbe unaopiga kama mapigo ya moyo hauguswi tena. Unaotuna mtoto anapolia huweza kuwa wa mishipa ya damu, au, ukiwa juu kwenye kaakaa au nyuma ya pua, utando wa ubongo ulioshuka kupitia tundu la fuvu. Hiyo ndiyo sababu nasema sindano ingoje. Kuchoma uvimbe wa namna hii zahanati ni kufungua mlango wa damu au wa homa ya uti wa mgongo.

Zima taa, weka tochi upande mmoja wa uvimbe. Majimaji mepesi hupitisha mwanga na uvimbe wote ukang'aa, jambo la kawaida kwa uvimbe wa mishipa ya limfu na kwa ranula. Dermoidi haipitishi. Mwisho, kidole kimoja chini ya ulimi na kingine chini ya kidevu, upime unene wa uvimbe kati yao, na uandike kwa sentimita. "Uvimbe mkubwa" kwenye barua ya rufaa haumsaidii mtu.

Hatua ya tano: hesabu meno

Vifuko vya ndani ya taya havionekani mapema. Vinaonekana kupitia jino ambalo halipo. Meno ya utotoni ni 20, na hukamilika mtoto akiwa na miaka 2 na nusu hadi 3. Gego la kwanza la ukubwani hutoka karibu na miaka 6. Jino la upande mmoja likiota na la upande wa pili likachelewa zaidi ya miezi 6, mtoto huyo anahitaji eksirei hata kama hana uvimbe wala maumivu. Ukanda wetu wa Arusha na Kilimanjaro una floridi nyingi kwenye maji ya sehemu kadhaa, na tumezoea meno ya kahawia. Rangi hiyo isikuvute macho ukasahau kuhesabu.

Eksirei ya taya zima ndiyo ya kuanzia. Kivuli cheusi chenye mpaka mweupe, kinachozunguka taji (kichwa) la jino lisiloota na kushikamana na shingo ya jino hilo, ni dalili ya kifuko cha taji. Kwa watoto mara nyingi huhusu gego dogo la pili la chini, hasa jino la utotoni lililo juu yake likiwa limeoza hadi mizizini. Nafasi ya kawaida kati ya taji na mfupa ni ndogo. Ikizidi milimita 3 au 4, ifuatilie. Habari njema kwa mzazi ni kwamba kwa mtoto kifuko cha namna hii mara nyingi huweza kufunguliwa na kukamuliwa taratibu, na jino likaota lenyewe.

Tatizo ni kwamba picha hiyohiyo huweza kuwa ya keratosisti, kifuko chenye tabia ya kurefuka ndani ya mfupa bila kuutunisha sana na kurudi baada ya upasuaji, au ya ameloblastoma ya kifuko kimoja, ambayo ni tumori, yaani uvimbe wa chembe zinazoongezeka bila mpaka. Eksirei haiwezi kuapa. Shirika la Afya Duniani lenyewe liliiweka keratosisti kwenye kundi la tumori mwaka 2005, kisha likairudisha kwenye vifuko mwaka 2017.

Mtoto mwenye keratosisti zaidi ya moja, au moja akiwa bado mdogo, mkague mwili mzima. Angalia vishimo vidogo viganjani na nyayoni, upana wa paji la uso na umbali kati ya macho, na umpige picha ya kifua kutafuta ubavu uliogawanyika. Dalili hizi kwa pamoja zilielezwa na madaktari Gorlin na Goltz mwaka 1960. Ni hali ya kurithi, mara nyingi kutokana na kasoro kwenye jeni la PTCH1, nayo huongeza hatari ya saratani za ngozi na ya uvimbe wa ubongo katika miaka ya mwanzo ya utoto. Mtoto huyu aepushwe na mionzi isiyo ya lazima, na wazazi na ndugu zake wachunguzwe. Sasa unaona kwa nini tuliulizia upasuaji wa taya kwenye ukoo.

Na kuna uvimbe wa taya usiongoja kabisa. Limfoma, yaani saratani ya chembe za limfu, iliyoelezwa na daktari mpasuaji Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Uganda hukua kwa siku, hulegeza meno ya pande nyingi, husukuma jicho, na mara nyingine huambatana na tumbo kujaa. Huwapata zaidi watoto wadogo, na tiba yake ni dawa za saratani, ambazo zikianzwa mapema huokoa wengi. Ukiuona, usiagize dozi ya pili ya antibayotiki. Mpeleke siku hiyo.

Hatua ya sita: picha nyingine

Kwa uvimbe wa nyama, anza na ultrasaundi. Haina mionzi, haihitaji mtoto alazwe kwa dawa, na inatofautisha majimaji na nyama ngumu. Omba shingo iangaliwe pia, na uandike kwa maneno kamili: "Tafadhali thibitisha thairoidi iko mahali pake." Siti skani ni ya mifupa na ya keratosisti kubwa. Kwa ulimi na sakafu ya mdomo, na kila unaposhuku uhusiano na ubongo, MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, ndiyo bora, ingawa mtoto mdogo atahitaji kulazwa usingizi, kwa hiyo iombwe na atakayefanya upasuaji.

Hatua ya saba: sindano, kisha hadubini

Sindano huja baada ya picha, mikononi mwa anayeweza kudhibiti damu na njia ya hewa. Tumia sindano pana, ya geji 18 kwa mfano, kwa sababu keratini haipiti kwenye nyembamba. Maji ya rangi ya majani makavu yanayometameta huelekeza kwenye kifuko cha taji. Ute mweupe mzito huelekeza kwenye keratosisti au dermoidi. Ute unaovutika ni wa mate. Damu inayojaza bomba yenyewe maana yake simama. Hewa tupu huashiria tundu la mfupa lisilo na kitu au kwamba umeingia kwenye uwazi wa taya la juu.

Chochote kinachotolewa kipelekwe patholojia, maabara inayokagua vipande vya mwili kwa hadubini, hata kama mpasuaji ana uhakika. Kiwekwe kizima kwenye fomalini (maji ya dawa ya kuhifadhia) ya asilimia 10, ujazo wake mara 10 ya kipande, kwenye chupa yenye mdomo mpana. Jina na tarehe viandikwe ubavuni mwa chupa, sio kwenye kifuniko, kwani vifuniko hubadilishana. Fomu ieleze umri, mahali hasa, muda, na eksirei iambatane. Mtaalamu wa patholojia asiyejua kwamba kifuko kilizunguka taji la jino anasoma nusu ya habari.

Barua ya rufaa

Andika umri uvimbe ulipoanza, mahali, vipimo kwa sentimita, rangi, kama unapitisha mwanga, kama unapanda ulimi ukitolewa, hali ya kuhema na kunyonya, uzito wa leo, meno yasiyokuwapo, na dawa alizokwisha kupewa. Kama una simu yenye kamera, piga picha mbili kwa ruhusa ya mzazi. Mweleze mama atakwenda jengo gani, aulizie nani, na abebe nini: kadi ya kliniki, kadi ya bima kama anayo, nguo za kubadilisha. Sera yetu inawasamehe watoto wa chini ya miaka 5 gharama kwenye vituo vya serikali, ila kwa vipimo vikubwa na nauli familia nyingi hukwama. Hapo ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ihusishwe mapema, kabla mama hajaamua kimyakimya kurudi nyumbani.

Chukua namba ya simu ya mzazi na uandike kwenye daftari tarehe ya kumpigia, wiki 2 baada ya rufaa, kuuliza kama alifika. Majibu ya patholojia yakitoka, omba nakala irudi zahanati. Aliyethibitika kuwa na keratosisti aonwe na kupigwa eksirei kila mwaka kwa miaka mingi. Aliyeondolewa dermoidi au kifuko cha njia ya thairoidi aangaliwe kidonda, kisha shingo na sakafu ya mdomo, kila anapokuja kwa jambo jingine lolote.